Lugha ya Kitabu cha Hesabu: Tathmini ya Calculus Made Easy cha Silvanus P. Thompson

Si kawaida ya jarida la lugha kukifanyia uhakiki kitabu cha hesabu. Vitabu vya namna hiyo huachiwa wenye taaluma yao, nao aghalabu huvipima kwa usahihi wa kanuni na wingi wa mazoezi, kisha wakanyamaza juu ya sentensi zinazozibeba kanuni hizo. Hata hivyo, kitabu cha kufundishia ni maandishi kama maandishi mengine. Kina msemaji na msikilizaji, kina mpangilio wa hoja na kina tamathali zake; na mara nyingi kufaulu au kushindwa kwake darasani hutokana na mambo hayo kabla ya kutokana na hesabu zenyewe. Calculus Made Easy, kilichoandikwa na Silvanus P. Thompson na kutolewa na Macmillan mjini London mwaka 1910, kinaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Ni kitabu cha kumwingiza mwanafunzi katika kalkulasi, yaani tawi la hesabu linaloshughulikia kadiri ya mabadiliko na ujumlishaji wa vijisehemu vidogo sana, nacho kimedumu kuchapishwa na kusomwa kwa zaidi ya karne moja, ilhali vingi vya wakati wake vimesahauliwa.

Makala haya yanauliza mambo mawili. Je, kitabu hiki chafaa kumfundishia mwanafunzi anayeanza masomo ya chuo? Na je, kina lipi la kuwafunza wanaojadili uandishi wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili? Jibu litakalotetewa ni kwamba kitabu chafaa sana kuwa mlango, lakini hakifai kuwa nyumba nzima. Na kwamba funzo lake kwa wanalugha ni kubwa kuliko wanavyodhani, kwa sababu kinaonyesha kuwa istilahi si jambo la kwanza katika ufundishaji wa sayansi bali ni karibu na la mwisho.

Thompson (1851–1916) alikuwa mwanafizikia, mwalimu na mkuu wa chuo cha ufundi cha Finsbury mjini London, ambako wanafunzi wengi walikuwa vijana wanaojiandaa kwa kazi za umeme na mitambo. Toleo la kwanza halikutaja jina lake. Palikuwa na herufi F.R.S. tu, zinazoonyesha kuwa mwandishi ni mwanachama wa Royal Society. Mficho huo wenyewe una maana. Mtu mwenye cheo hicho aliandika kitabu cha kuwacheka wenye vyeo, akiwatuhumu kwamba waandishi wa vitabu vikubwa vya kalkulasi hawajishughulishi kuwaonyesha wasomaji wepesi wa mambo, bali hutaka kuwastaajabisha kwa kupitia njia ngumu kuliko zote.

Katika dhihaka hiyo hakuwa peke yake. John Perry, aliyewahi kufundisha Finsbury pia, alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha kalkulasi kwa wahandisi mwaka 1897, akipigania hesabu inayoanzia kwenye kazi na vipimo. Upande wa pili walikuwapo watu kama G. H. Hardy wa Cambridge, ambaye A Course of Pure Mathematics chake kilitoka mwaka 1908, miaka miwili tu kabla ya cha Thompson. Hardy alitaka kila hatua ithibitishwe; Thompson alitaka kila hatua ionekane. Vitabu hivyo viwili vingali vinasomwa hata leo, na ugomvi kati ya namna hizo mbili za kufundisha haujaisha.

Nguvu ya kitabu cha Thompson iko katika kurasa zake za mwanzo. Sura ya kwanza ni fupi mno na ina kazi moja tu: kuziondolea alama mbili kuu za kalkulasi sura yao ya kutisha. Alama ya kwanza ni herufi d, kama katika dx. Thompson anaieleza kuwa maana yake ni kipande kidogo cha kile kinachofuata, na anaonya kwamba d si kiasi kinachozidishwa kwa x. Alama ya pili ni ile S ndefu, ∫, iliyoanza kuandikwa na Leibniz mwaka 1675 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Hiyo nayo inaelezwa kuwa ni kujumlisha vipande hivyo vyote. Basi. Hakuna fasili ndefu, hakuna masharti. Mwanafunzi aliyekuwa akiogopa alama amekwisha kuzisoma kwa maneno ya nyumbani kabla ya kufika ukurasa wa tatu.

Mwanaisimu wa Kibantu akiitazama d hii hawezi kukosa kuitambua. Ni kiambishi awali cha udogo. Kama vile ki- katika kitoto haimaanishi kwamba kuna kitu kiitwacho ki kilichozidishwa kwa mtoto, ndivyo d katika dx isivyo kitu kinachosimama peke yake. Inaegemea neno linalofuata na kulipa maana ya udogo. Msemaji wa Kigikuyu au wa Kikamba analo ka- la namna hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo ambalo Thompson alilazimika kumwonya nalo msomaji wa Kiingereza, lugha isiyo na kiambishi awali cha udogo kilichozoeleka hivyo, kwa mwanafunzi wa Kibantu ni sehemu ya sarufi aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Jambo hili halijatumiwa ipasavyo. Mara nyingi husemwa kwamba lugha zetu zina upungufu mbele ya hesabu. Hapa ni Kiingereza kinachohitaji maelezo ya ziada.

Ulinganisho huu una manufaa zaidi ya kufurahisha. Kiswahili hujua pia kurudia udogo: mtoto, kitoto, kijitoto. Katika kalkulasi kuna alama mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya, nazo ni d²y na (dy)². Ya kwanza ni kazi ya d iliyofanywa mara mbili, kiambishi juu ya kiambishi, kama kijitoto. Ya pili ni kitu kidogo kilichozidishwa kwa nafsi yake, kama kuchukua sehemu ya sitini ya sehemu ya sitini. Katika sehemu moja iliyozoeleka, d²y juu ya dx², alama ya mraba iliyoko juu ina maana ya kwanza na iliyoko chini ina maana ya pili. Mwalimu asitegemee kitabu peke yake katika jambo hili. Lakini akiwa na mfano wa kijitoto mkononi, atalieleza kwa dakika moja.

Neno dakika lenyewe linaleta sura ya pili, ambayo pengine ndiyo bora katika kitabu kizima. Thompson anataka kueleza kwamba udogo una daraja. Haanzi na fasili. Anaanza na historia ya maneno. Anakumbusha kwamba wazee waliigawa saa katika sehemu sitini na kuziita kwa jina lenye maana ya vitu vidogo, na walipohitaji vidogo zaidi waliigawa kila sehemu mara sitini tena, wakaviita vidogo vya daraja la pili. Ndipo neno la Kiingereza la sekunde lilipotoka: maana yake ni "ya pili". Sekunde ni sehemu ya 3,600 ya saa. Mtu anayepanga kazi za siku huijali dakika kwa kiasi, sekunde haijali kabisa.

Mfasiri wa haraka angesema mfano huu haufasiriki kwa sababu unategemea asili ya maneno ya Kiingereza. Si kweli. Dakika limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ile ile ya kitu chembamba, kilicho laini na kidogo. Sitiari imesafiri pamoja na saa yenyewe. Sekunde tumelichukua kutoka lugha za Ulaya bila maana yake ya asili, lakini Kiswahili kina neno la zamani zaidi kwa kipimo hicho, nukta, ambalo pia ni alama ndogo kuliko zote katika maandishi. Mwandishi wa Kiswahili angeweza kuujenga upya mfano wote kwa dakika na nukta, na huenda ukapendeza kuliko wa Kiingereza.

Mfano wa fedha hauna bahati hiyo. Thompson anailinganisha farthing, iliyokuwa robo ya peni, na pauni ya dhahabu, kisha pauni hiyo na mali ya milionea. Fedha hizo zilikwisha kufa hata Uingereza yenyewe, na kuweka senti mahali pa farthing hakusaidii, kwa kuwa senti moja nayo imekwisha kutoka mikononi mwa watu. Punje ya mchele ingefaa zaidi. Punje moja ikipungua katika kibaba, muuzaji na mnunuzi hawagombani; kibaba kikipungua katika pishi, hapo pana ugomvi, kwani pishi ni vibaba vinne tu; lakini kibaba hicho hicho katika ghala lililojaa magunia hakitajwi. Udogo si sifa ya kitu, ni uhusiano kati ya kitu na kitu. Hilo ndilo Thompson analotaka lieleweke, na punje inalisema bila msaada wa historia ya fedha.

Kutoka hapo anaingia kwenye mraba. Twaa mraba wenye upande x, uongeze kidogo kwa dx. Eneo jipya ni x² + 2x·dx + (dx)². Thompson anauchora mraba huo ili ionekane kwamba 2x·dx ni vibanzi viwili vyembamba kandokando, na (dx)² ni kijimraba kilicho pembeni vinapokutana. Kama dx ni sehemu ya sitini ya x, basi vibanzi viwili kwa pamoja ni sehemu mbili za sitini za mraba wa kwanza, ilhali kijimraba ni sehemu moja ya 3,600. Mshonaji wa mikeka anayafahamu haya kwa vidole: akiongeza ukili mmoja upande wa juu na mmoja upande wa kulia, mkeka umekua kwa ukili mbili, ile kona inayobaki wazi haimfanyi asuke ukili mwingine. Kijimraba kinaachwa, kinachobaki kinagawanywa kwa dx, na mwanafunzi amepata 2x. Amepata tokeo la kwanza la kalkulasi kwa kutazama picha.

Ngazi iliyoegemea ukuta nayo imechaguliwa vema. Ngazi ya inchi 181 ambayo mguu wake uko inchi 19 kutoka ukutani, ikivutwa inchi moja zaidi, ncha yake ya juu hushuka kama inchi 0.11 tu. Mwalimu akiuendeleza mfano mpaka mguu uwe inchi 108 kutoka ukutani, inchi moja ya ziada huishusha ncha kwa karibu robo tatu ya inchi. Ngazi ni ile ile na mvuto ni ule ule, lakini kadiri ya kushuka imebadilika. Tena ni ya kushuka, ndiyo maana inaandikwa kwa alama ya kutoa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona grafu ya aina yoyote anaweza kuyathibitisha haya kwa ngazi ya fundi rangi.

Mpaka hapa sifa. Sasa yafaa kuulizwa gharama ya wepesi huo ni nini.

Gharama ya kwanza ni ya kimantiki, nayo ni ya zamani. Katika hesabu ya mraba, dx iligawanya, kwa hiyo haikuwa sifuri. Kisha ikaachwa, kana kwamba ni sifuri. Askofu George Berkeley alililalamikia jambo hili mwaka 1734 katika The Analyst, na ilichukua kazi ya karne ya kumi na tisa, ya Cauchy na baadaye Weierstrass, kulijibu kwa dhana ya kikomo: husemi kwamba dx ni kitu kidogo cha ajabu, bali unasema ni thamani gani uwiano unaikaribia kadiri dx inavyopungua. Thompson alijua haya yote. Aliyaacha kwa makusudi, na si vigumu kumwelewa. Tena wakati umempa haki kwa kiasi: Abraham Robinson alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba vitu vidogo visivyo na kikomo vinaweza kuwekewa msingi madhubuti wa kimantiki, na mwaka 1976 H. Jerome Keisler alitoa kitabu cha chuo kilichoifundisha kalkulasi kwa njia hiyo. Kwa hiyo haisemwi tena kwamba lugha ya vipande vidogo ni kosa. Linalosemwa ni kwamba Thompson hakuupa wepesi wake mpaka. Mwanafunzi haambiwi ni wapi njia hii itamwangusha.

Nayo itamwangusha ndani ya kitabu hicho hicho. Katika sura ya riba na ukuaji, Thompson anachukua 100 zinazokua kwa asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 10. Kwa riba ya kawaida zinakuwa 200. Kwa riba inayoongezwa juu ya mtaji kila mwaka zinafikia 259.37. Zikiongezwa mara nyingi zaidi katika kila mwaka, kwa vipande vidogo zaidi, jumla inapanda lakini haipandi bila mwisho: inakaribia 271.83, na hapo ndipo namba iitwayo e, ambayo ni 2.718 na zaidi, inapozaliwa. Ni maelezo mazuri. Lakini mwanafunzi aliyejifunza katika sura ya pili kwamba kilicho kidogo huachwa atautazama usemi (1 + 1/n) uliopandishwa kwenye kipeo n, ataona kwamba n ikiwa kubwa sana 1/n ni kidogo sana, ataiacha, na jibu lake litakuwa moja. Amefuata kanuni aliyofundishwa na amekosea kwa zaidi ya maradufu. Ni kweli kwamba Thompson alitoa tahadhari mapema kuwa kidogo kikizidishwa kwa kikubwa huweza kuwa na uzito. Tahadhari hiyo imekaa mbali mno na mahali inapohitajika; atakapofika kwenye e, mwanafunzi atakuwa amekwisha kuisahau. Mwalimu anayekitumia kitabu hiki hana budi kusimama hapo na kurudi nyuma. Ziweko namba ubaoni: n ikiwa 10, 2.594; ikiwa 100, 2.705, ikiwa 1,000, 2.717. Kisha liulizwe swali ambalo kitabu hakikuliuliza kwa sauti ya kutosha, yaani vipande vidogo hivi ni vingapi.

Sura hiyo ya riba ina tatizo jingine, ambalo ni la pwani zaidi kuliko la bara. Neno riba kwa mwanafunzi Mwislamu si neno la hesabu tu. Linataja jambo lililoharamishwa. Mwandishi wa Kiswahili atakayelifanya neno hilo kuwa mlango wa dhana kubwa kuliko zote katika nusu ya kwanza ya kozi atakuwa amewafungia wengine mlango huo. Bahati ni kwamba Thompson mwenyewe aliiambatanisha riba na ukuaji wa viumbe hai, ambao kila kipande kipya nacho huanza kukua. Mwani, hamira ndani ya unga, au magugu katika dimbwi yangefanya kazi hiyo hiyo, na hamira ingekuwa na faida ya kuonekana kwa macho ndani ya saa moja.

Gharama ya pili ni ya kimtazamo. Ulimwengu wa Thompson ni wa mhandisi: kila mstari umelainika, kila mabadiliko yana kadiri. Grafu yenye kona kali, ambayo mteremko wake kwenye kona haupo, haina nafasi ya maana humo. Mwanafunzi atakayeendelea na uhandisi wa kawaida anaweza kuishi bila ya kona hizo kwa muda. Atakayeendelea na hesabu zenyewe atakutana nazo mwaka wa pili, na atashangaa kwa nini hakuambiwa. Martin Gardner, aliyekihariri kitabu upya mwaka 1998, aliliona pengo hili na kuongeza mwanzoni sura tatu, mojawapo ikiwa ya kikomo. Nia ilikuwa njema, lakini mahali si pake. Kuziweka sura hizo mbele ya sura ya Thompson ya kuondoa hofu ni kumrudisha mwanafunzi kwenye ukumbi ule ule ambao mwandishi alitaka aukwepe. Zingekuwa na thamani zaidi baada ya sura ya e, pale ambapo msomaji amekwisha kuonja kosa na anataka dawa yake.

Liko pia suala la sauti. Thompson anazungumza na msomaji kama mjuzi wa karakana anavyozungumza na mwanagenzi: anatania, anawabeza maprofesa, anajihesabu mwenyewe miongoni mwa wajinga. Kanuni muhimu ya kutafuta kadiri ya mabadiliko kwa kupitia kiasi cha kati anaitambulisha kama ujanja. Kwa Kiingereza utani huu umezeeka kidogo lakini ungali hai. Katika Kiswahili ungehitaji mkono wa makini. Lugha hii hutenganisha mjinga, ambaye hajui na anaweza kufundishwa, na mpumbavu, ambaye kasoro yake iko kwenye akili. Neno moja la Kiingereza analolitumia Thompson hubeba yote mawili, na utani wake wote unategemea mchanganyiko huo. Mfasiri akiandika mpumbavu, mwalimu amemtukana mwanafunzi. Akiandika mjinga, utani umepungua makali lakini maana imekuwa ya kweli zaidi kuliko ya asili: kalkulasi iliwezwa na watu ambao hapo awali hawakuijua. Vivyo hivyo katika ujanja na hila. Ujanja wa sungura husifiwa katika ngano zetu. Hila ni ya mtu mbaya. Kosa katika uteuzi huo laweza kumfanya mwanafunzi aione kanuni halali kama udanganyifu.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapowahusu moja kwa moja wanaoshughulika na ukuzaji wa Kiswahili. Kwa miaka mingi mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili katika ngazi za juu umekuwa mjadala wa istilahi. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba kitumike pia sekondari, pendekezo ambalo halikutekelezwa, jibu lililosikika mara kwa mara lilikuwa kwamba maneno hayatoshi. Wanaisimu walijibu kwa kuunda maneno, na kazi hiyo ilizaa matunda yanayostahili heshima, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990. Nchini Kenya, ambako kalkulasi iliingizwa katika kidato cha nne cha mfumo wa 8-4-4, suala lenyewe halikuulizwa hata kidogo, kwa kuwa hesabu ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisa cha Thompson kinaibomoa dhana iliyo chini ya mjadala huo. Vijana aliowaandikia walikuwa Waingereza. Istilahi zote zilikuwapo katika lugha yao, zimesanifiwa na kuzoeleka kwa vizazi, na bado hawakuelewa. Jina lililokuwa likitumika wakati huo kwa kadiri ya mabadiliko lilikuwa na maneno mawili marefu yenye asili ya Kilatini, ambayo mwana wa fundi hakuyaelewa zaidi ya mwana wa mvuvi wa Lamu. Dawa ya Thompson haikuwa kuunda neno jipya. Aliwapa kwanza sentensi, kisha picha, kisha hesabu yenye namba, na jina la kitaalamu akalileta mwishoni, kama mtu anayetambulishwa baada ya kuzungumza naye kwa muda. Istilahi ikija wakati huo huwa ni ufupisho wa kitu kinachojulikana. Ikija kabla, huwa ni neno tu.

Hapana anayesema kwamba istilahi zisiundwe. Lakini mpangilio wa kazi umekuwa kinyume, na athari zake zinaonekana. Mathalan, mfasiri anayeanzia kwenye orodha ya maneno na kufuata asili ya Kilatini atashawishika kuliita tokeo la kalkulasi mnyambuliko, kwa kuwa Kiingereza hutumia shina moja kwa dhana hiyo na kwa uundaji wa vitenzi kama pigia, pigana na pigisha. Mwanafunzi wa Kiswahili angejifunza asubuhi kwamba mnyambuliko ni cheza kuwa chezesha, na mchana kwamba mnyambuliko wa x² ni 2x. Anayeanzia kwenye ngazi na mkeka atajikuta akisema kadiri ya kubadilika, au kasi ya kukua, na huenda akagundua kwamba hahitaji kwenda mbali zaidi kwa sura kumi za mwanzo. Wanaisimu watasema kadiri ya kubadilika ni maelezo, si istilahi. Wapo walimu wa hesabu watakaojibu kwamba mwaka wa kwanza wa kozi unataka maelezo.

Ama kuhusu nusu ya pili ya kitabu, ya kujumlisha, haina mengi ya kusemwa. Ni nzuri pale inaporudia mbinu ya mwanzo, kwa kuyakata maeneo katika vibanzi na kuvijumlisha, lakini kurasa nyingi zinageuka kuwa orodha ya matokeo ya kukaririwa, na sauti ya mwandishi inapungua. Hata uhusiano kati ya kujumlisha na kutafuta kadiri, ambao ndio uti wa mgongo wa somo zima, unapita upesi kuliko unavyostahili. Mazoezi ni ya kutosha na yana majibu nyuma, jambo linalomfaa anayejisomea peke yake jioni baada ya kazi. Hata hivyo mengi yanadai ustadi wa aljebra ambao kitabu kinauchukulia kuwa upo. Mwanafunzi anayeshindwa hapo aghalabu hashindwi na kalkulasi.

Alama ∫ haina haja ya kubadilishwa. Alama ni mali ya mataifa yote. Linalohitaji kuamuliwa ni namna itakavyosomwa kwa sauti darasani, kwa kuwa mwanafunzi huisikia hesabu kabla ya kuiandika. Jumla ya vijisehemu vya x yasomeka bila kigugumizi, na inasema kile hasa ambacho S ya Leibniz ilikusudiwa kusema. Maandishi ya awali ya Thompson hayana tena mwenye haki ya kunakili, kwa hiyo idara ya lugha na idara ya hesabu katika chuo kimoja zingeweza kuzichukua sura tatu za mwanzo, kuziandika upya kwa dakika na nukta, punje na ukili, na kuzijaribu kwa muhula mmoja kabla ya yeyote kukaa kuunda neno hata moja.